Aliyefika mlangoni bila mdhamini

Ukishuka Mtambile kuelekea Kengeja katika msimu wa karafuu, barabara nzima inanuka. Majamvi yametandazwa kando ya lami, karafuu zimeanikwa, na watoto wamewekwa kuwafukuza kuku. Kengeja ni mji wa kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Ni mji wa misikiti, minazi na uvuvi, na sifa yake imevuka bahari kwa mchezo wa ng'ombe. Mtu anayetafuta habari za Ukristo hatauweka wa kwanza katika orodha yake. Hata hivyo nimeona vyema kuanzia huku. Swali la nani anastahili kupokewa, na kwa masharti gani, liliulizwa kwa ukali mkubwa kuhusu watu wa mashamba ya kisiwa hiki zaidi ya miaka 125 iliyopita, na majibu yaliyotolewa wakati ule bado yanasikika katika makanisa yetu.

Kwanza itazame kazi yenyewe. Mchumaji hupanda na kamba yake, huvuta tawi kwa upembo, hukata kishada na kukitia pakachani. Mchana kutwa yuko juu, na mkarafuu hauaminiki: tawi lake hukatika bila kutoa onyo, na kila msimu kuna wanaoanguka. Jioni watu huketi kuzunguka rundo na kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule. Kisha linaletwa pishi, chombo cha kupimia. Aliyechuma nyingi analipwa nyingi, aliyechuma kidogo analipwa kidogo. Waliokuja kupiga dago kutoka mbali na wenyeji wa hapo hapo hupimiwa kwa pishi moja, na mpimaji haulizi babu wa mtu alitoka wapi. Katika duara hilo la jioni leo huwezi kumtambua mjukuu wa mwenye shamba na mjukuu wa mtumwa. Wamekaa goti kwa goti na vidole vyao vyote vimepata weusi ule ule.

Haikuwa hivyo wakati mikarafuu hii ilipokuwa michanga. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika. Bei ikapanda, wenye mitaji wakaielekea Pemba, na kila aliyepanda miche mipya alihitaji mikono ya kuitunza. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Sultani Barghash akatia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Kwa hiyo mahitaji ya watumwa yaliongezeka Pemba wakati ule ule mlango wa halali ulipofungwa. Majahazi yakaanza kupita usiku kutoka mrima, yakijificha katika hori na mikoko ambayo Pemba imejaaliwa kwa wingi. Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa manowari iitwayo London aliuawa karibu na kisiwa hiki alipojaribu kulipekua jahazi moja la namna hiyo. Kifo chake kilitangazwa dunia nzima. Majina ya waliokuwa chini ya sitaha za majahazi hayo hayakutangazwa.

Amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa ilitoka Aprili 6, 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed. Wengi wetu tuliisoma shuleni kama siku minyororo ilipokatika. Ukiisoma amri yenyewe utakuta jambo jingine. Uhuru haukumfikia mtu alipo. Alitakiwa auendee, asimame mbele ya mahakama, na aombe. Aliyelipwa fidia na serikali alikuwa bwana. Na yule aliyekwisha kutambuliwa kuwa huru aliwajibika kuonyesha kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu. Akishindwa, angehesabiwa mzururaji.

Hebu tulitazame sharti hilo kwa macho ya mtu wa kusini mwa Pemba wakati huo. Nyumba aliyolala ilikuwa ya bwana. Kijishamba cha muhogo alicholima siku zake za mapumziko kilikuwa katika ardhi ya bwana. Ndugu zake walikuwa Unyasa, Uyao au Uzaramo, au hakuwajua kabisa. Anaondoka alfajiri kwa miguu kuelekea Chake Chake, na huko anaulizwa anakaa wapi, anakula nini, na nani anamjua. Akijibu kwa ukweli, kila jibu linamrudisha kwa bwana yule yule anayemkimbia. Ndiyo maana wengi walibaki mashambani chini ya mikataba, wakitoa siku kadhaa za kazi kwa juma ili waruhusiwe kulala pale walipokuwa wakilala tangu mwanzo. Kamishna wa mambo ya utumwa Pemba, John Prediger Farler, aliyekuwa arkidiakoni, yaani padri msimamizi, wa misheni huko Magila, bara, kabla ya kuingia serikalini, alipendelea sana mikataba ya namna hiyo. Karafuu zilipaswa kuchumwa.

Wanawake walikuwa na mlango mwembamba zaidi. Masuria hawakuguswa na amri ya 1897. Sheria iliwahesabu kama wake, na suria aliyetaka kutoka alipaswa kuthibitisha ukatili. Ilichukua hadi 1909 kwa amri nyingine kuwafikia. Kwa miaka kumi na miwili, basi, palikuwa na wanawake katika nyumba za Pemba ambao jirani zao wanaume wangeweza kwenda mahakamani na wao hawakuweza ila kwa kuthibitisha ukatili.

Katika hali hiyo ndipo Marafiki walipoingia. Hawa ni Wakristo wa Uingereza wanaoitwa pia Wakweka, kanisa dogo lililokuwa limepiga vita biashara ya watumwa tangu karne ya 18. Mwaka 1897 waliwatuma Theodore Burtt na Henry Stanley Newman kuja kutazama, na baada ya hapo wakanunua shamba la karafuu Banani, si mbali na Chake Chake. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: kuwe na shamba moja Pemba ambalo karafuu zake zinachumwa na watu huru kwa ujira, na aliyeachwa huru awe na pa kulala na pa kulima ili mahakama isimrudishe. Newman alirudi Uingereza akaandika kitabu juu ya Banani mwaka 1898. Burtt alibaki.

Ibada ya Marafiki inastahili kuelezwa, maana hakuna kitu kama hicho katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki. Hawana padri. Hawabatizi kwa maji wala hawana Meza ya Bwana yenye mkate na divai. Huketi pamoja kimya kwa muda mrefu, na yeyote anayesukumwa na Roho husimama na kusema, mwanamume au mwanamke, msomi au asiyejua kusoma, kisha huketi na ukimya hurudi. Imani yao ni kwamba ndani ya kila mtu ipo nuru ya Mungu. Mfikirie mtu ambaye tangu utoto wake amekuwa akisema baada ya kuamriwa kusema. Sasa ameketi katika chumba kimoja na Mwingereza mwenye shamba, na hakuna aliyepangwa kutangulia. Nafasi ya kusema iko wazi kwake kama ilivyo wazi kwa yule mwingine. Sidhani kama ilikuwa rahisi kwa yeyote kati yao. Lakini naona katika ukimya ule jambo ambalo hati ya mahakama haikuweza kumpa.

Banani haikuwa peponi, na wala haitusaidii kuipamba. Misheni zote za wakati ule, za Marafiki na za wengine, zilikuja na kanuni: ulevi marufuku, ngoma fulani marufuku, ndoa iwe ya namna hii, kazi ianze saa hii. Aliyevunja kanuni aliweza kuondolewa shambani, na aliyeondolewa shambani alirudi kuwa mtu asiye na makazi, yaani mzururaji wa kisheria. Hapo ndipo neema ilipoingia katika hatari ya kuwa mkataba mwingine wenye lugha tamu zaidi. Huko Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa na misheni ya Kianglikana ya CMS karibu na Mombasa katikati ya miaka ya 1870, mambo yalikwenda mbali zaidi ya hapo. Msimamizi wake, Streeter, aliwachapa viboko watu waliokuwa wametoka kuokolewa na viboko, hata ikabidi uchunguzi ufanywe mwaka 1881. Mtu aliyevuliwa kutoka jahazini akaambiwa kwamba Mwana wa Mungu amelipa deni lake lote, kisha akafungwa kwenye mti na kuchapwa kwa kosa dogo, alikuwa na haki ya kuuliza ni deni gani lililobaki.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo wamisionari wenyewe iliwauma. Walioachwa huru Pemba walikuwa maelfu. Waliojiunga na Marafiki au na misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyofungua kazi kisiwani miaka hiyo hiyo, walikuwa wachache sana. Wengi walikuwa Waislamu tayari au walikuwa njiani kuwa Waislamu, na walichotaka hakikuwa dini ngeni. Walitaka jirani wa kuwatolea posa, watu wa kusimama nao msikitini katika safu moja, na mikono ya kuwabeba hadi kaburini. Kumwacha mtumwa huru ni thawabu kubwa katika Uislamu, na wapo mabwana waliofanya hivyo kwenye vitanda vya mauti na kuwagawia ardhi waliowaacha. Ni kweli pia kwamba lawama ya kukosa ukoo iliendelea kunong'onwa kwa vizazi, hasa zilipokuja habari za ndoa. Lakini watu walishona undugu mpya kwa subira, harusi kwa harusi na msiba kwa msiba, na Kengeja ya leo ni mmoja wa miji waliyoijenga.

Wapo Wakristo wanaosoma habari hii wakaona kazi ya Banani ilishindwa. Mimi nakataa. Kama kumpokea asiye na pa kwenda kunapata thamani yake kwa idadi ya waliobatizwa, basi tumekwisha kurudi kwenye pishi. Na Yesu alishalivunja pishi hilo katika mfano wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba anatoka asubuhi kuajiri watu, anatoka tena mchana, na saa moja kabla ya jua kuzama anawakuta wengine wamesimama sokoni kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Jioni anawalipa wote ujira wa siku nzima, akianza na waliochelewa. Waliofanya kazi tangu alfajiri wananung'unika. Simulia mfano huu kwa wachumaji wa karafuu, ambao mikono yao inauma na pishi liko mbele yao, uone kama hawatanung'unika. Tumeusikia mara nyingi sana kanisani hadi umepoteza makali. Mbele ya rundo la karafuu makali yake yanarudi: mwenye shamba huyu amewalipa watu kwa kuwa na njaa, na kuwa na njaa wote walikuwa sawa.

Mfano huo hausemi lolote juu ya waliochelewa kuwa wema. Huu ndio moyo wa neema katika Ukristo, na ndiyo sehemu ambayo waumini wema huona ugumu kuimeza. Baba wa mwana mpotevu alikimbia kumlaki mwanawe kabla kijana hajamaliza kutoa hotuba ya toba aliyoiandaa njiani. Zakayo alikuwa bado juu ya mkuyu, hajarudisha hata senti moja, Yesu alipotangaza kwamba anakwenda kushinda kwake. Marekebisho ya maisha yalifuata, na yalikuwa makubwa. Lakini yalifuata.

Waraka wa Paulo kwa Filemoni ungepaswa kusomwa Pemba kila mwaka. Onesimo ni mtumwa aliyetoroka. Paulo, akiwa kifungoni, anamrudisha kwa bwana wake na barua fupi mkononi. Wenye watumwa walioujua waraka huo waliushika kama kibali cha kurudisha watoro. Lakini ukiusoma hadi mwisho utamkuta Paulo anamtaka Filemoni ampokee mtu huyo kama angempokea Paulo mwenyewe, kama ndugu, na kama kuna hasara yoyote, Paulo anaandika kwa mkono wake kwamba atailipa. Hicho ndicho ambacho mtu wa kusini mwa Pemba alikikosa mbele ya mahakama ya 1897: mdhamini anayeweka jina lake mahali pa jina lisilotambulika.

Wakristo wa kwanza wa pwani waliuelewa waraka huo vizuri kuliko walimu wao. Bara ya Kilifi, mahali panapoitwa Fuladoyo, palianzishwa makazi ambayo watoro walikimbilia. David Koi alikuwa mmoja wa viongozi wao, muumini wa kawaida asiye na daraja lolote la upadri. Wenye watumwa walimtaka, wakampata, na mwaka 1883 wakamuua. Anatajwa miongoni mwa Wakristo wa mwanzo waliouawa kwa ajili ya imani katika nchi ambayo leo ni Kenya, na sijui kwa nini parokia chache sana zimebeba jina lake.

Rabai, karibu na Mombasa, nayo ina kisa chake. Wakuu wa CMS na balozi wa Uingereza walikuwa wamewaonya wamisionari wasipokee watoro, kwa kuhofia kwamba wenye mali wa Mombasa wangechoma misheni. Mkuu wa Rabai kwa vitendo alikuwa William Jones, Myao aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini, akalelewa Nasik huko India, na kurudi Afrika Mashariki mwaka 1864. Alipewa ushemasi mwaka 1885. Watoro walifika Rabai usiku, wakajenga vibanda, wakajifunza, wakabatizwa, na idadi ikafika mamia kwa mamia. Wakubwa walipokuja kukagua mwaka 1888 walishtuka. Jones asingeweza kushangaa kama wao. Kila aliyebisha mlango alikuwa na historia ile ile aliyoibeba yeye. Hatimaye George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alilazimika kuwalipa fidia mabwana, na Januari 1, 1889, zaidi ya watu 1,400 wa Rabai na misheni za jirani wakapewa hati zao za uhuru kwa siku moja. Vitabu vingi humsifu Mackenzie. Mimi namsifu zaidi mtu aliyefungua mlango miaka kadhaa kabla haijajulikana nani atalipa.

Unguja kuna habari ya namna hiyo iliyochukua njia ya utulivu zaidi. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa UMCA wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa mwanzo wa shule ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Kiungani. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Mwingine aliyefuata baadaye, Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa Unguja akiwa mtoto, alisoma Kiungani na Uingereza, akapewa ushemasi mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Alitumikia Chitangali, kusini mwa nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, karibu na watu wa kabila lake. Hebu lipime jambo hilo. Mtoto aliyekuwa na bei sokoni anarudi karibu na watu wake, na watu hao wanapiga magoti kupokea mkate kutoka mkononi mwake.

Kanisa la Mkunazini, Unguja, lilijengwa na Askofu Edward Steere juu ya kiwanja cha lile soko lililofungwa, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Ukisogea mbele utaona sakafuni duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Wenyeji husema hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, na altare imesimama jirani yake. Kuna wageni wanaopiga picha na kuondoka. Ningependa Wakristo wa Tanzania wasimame pale kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu mahali pale panadai zaidi ya kumbukumbu. Ukishaweka meza ya Bwana penye mti wa kuchapia, umejifunga. Huwezi tena kutumia fimbo ya namna yoyote kuwafukuza watu kwenye meza hiyo bila kurudisha mti ule.

Askofu Frank Weston, aliyeiongoza dayosisi ya Zanzibar kuanzia 1908 hadi alipofariki 1924, alilijua hilo kwa uchungu. Alikuwa mkali wa nidhamu, na mengine katika ukali wake siyapendi. Lakini serikali ya Kenya ilipoanza kuwashurutisha Waafrika kuwafanyia kazi walowezi, aliandika kijitabu mwaka 1920 kuipinga bila kuuma maneno. Na mwaka 1923, akihutubia mkutano mkubwa wa Waanglikana huko London, aliwaambia watu waliokuwa wakipigania kuruhusiwa kumwabudu Kristo katika sakramenti kwamba ibada hiyo ni bure ikiwa hawamtafuti Kristo huyo huyo kwa waliovaa matambara na waliotumikishwa. Mwaka mmoja baadaye akafa, akazikwa Magila.

Naandika haya yote kwa sababu ya jambo linalotendeka sasa, na ambalo karibu kila Mkristo wa Tanzania amelishuhudia. Msichana anapata mimba kabla ya ndoa, anatengwa na Meza ya Bwana, anaondolewa kwaya, na siku ya kurudi kundini anasimamishwa mbele ya usharika mzima. Kijana aliyempa mimba yuko benchi la nyuma na hajaitwa. Mtoto akizaliwa, ubatizo wake unacheleweshwa hadi mama amalize muda wa marudi, kana kwamba kichanga naye ana shitaka. Mwanamke anayeishi na mwanamume aliyekataa kufunga ndoa huadhibiwa kwa miaka kwa uamuzi ambao si wake. Wafungwa waliotoka gerezani hupata salamu za mlangoni na kiti cha pembeni.

Na mazishi. Hapa sina subira. Mtu amefariki, maiti iko sebuleni, na katibu wa jumuiya anafungua daftari. Marehemu alihudhuria mara ngapi? Zaka yake? Mchango wa ujenzi? Inaonekana alipotea miaka kadhaa. Basi padri au mchungaji hatakuja, au atakuja katekista peke yake, au misa haitakuwapo, sala fupi tu kaburini. Familia inahangaika usiku kucha kumtafuta mchungaji wa dhehebu jingine atakayekubali. Nimekuwa katika misiba ya namna hii. Nimewaona wana wa marehemu wakilipa madeni ya mchango wa baba yao asubuhi ya mazishi, noti zikihesabiwa juu ya meza huku akina mama wakilia chumba cha pili. Ni nini hiki kama si pishi limeletwa pembeni mwa jeneza?

Wanaotetea utaratibu huu si watu wabaya, na hoja yao nitaisema kwa haki. Wanasema kanisa lisilo na nidhamu huyeyuka. Wanasema mtu aliyelikwepa kanisa maisha yake yote asilifanye kuwa kampuni ya kuzika. Wanasema watoto wakiona kila kitu kinasamehewa, hawataogopa chochote. Kuna ukweli ndani yake. Marafiki wa Banani nao walikuwa na sababu za kila kanuni waliyoweka, na baadhi ya kanuni hizo ziliwalinda wanawake dhidi ya waume walevi. Nidhamu ina kazi yake kwa aliye hai na mwenye nguvu ya kuirekebisha njia yake. Lakini tazama inamwangukia nani kwa kawaida. Mtoaji mkubwa aliyefunguliwa kesi ya rushwa huzikwa kwa misa ya maaskofu. Daftari hufunguliwa kwa mama muuza mchicha. Fimbo inayochagua wa kumpiga haiwezi kuitwa nidhamu, na ndiyo sifa ile ile iliyokuwa ya mti wa Mkunazini: haukuwahi kumchapa tajiri.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza. Kwa Waislamu, kuosha maiti, kuikafini, kuisalia na kuizika ni wajibu wa jamii nzima. Wakiuacha wote, wote wana dhambi. Ukipita Kengeja siku ya msiba utaona watu wametoka mashambani na pwani, jeneza linapokezanwa bega kwa bega, na aliyepo njiani hujiunga hata kama hakumjua marehemu. Wale walioikataa misheni kwa kuhofia kukosa wabebaji walichagua kwa busara, na sisi tunaojiita watu wa neema tunapaswa kuwatazama kwa heshima na aibu kidogo.

Kanuni za kutenga, za kurudi kundini na za mazishi hazikushuka kutoka mbinguni. Zimeandikwa katika katiba za dayosisi, miongozo ya sharika na maazimio ya halmashauri za parokia, na zimerekebishwa mara nyingi pale mambo ya fedha yalipohitaji marekebisho. Wanaozirekebisha ni mapadri, wachungaji na wazee wa kanisa tunaowajua kwa majina. Wajumbe wa vikao hivyo tunawachagua sisi. Waulizwe kabla ya kikao kijacho kama daftari la michango litaendelea kufunguliwa mbele ya maiti, na jibu lao liandikwe kwenye muhtasari.